Wizi umezidi mtaani, kituoni wanasema ripoti ni chache. Tuandikishe vipi ili ihesabiwe?

KatibuWaMtaa anauliza:

Wakuu, hamjambo. Naandika kwa niaba ya kamati ya wakazi wa mtaa mmoja wa Eastlands, Nairobi, upande wa Outering. Mwaka huu watu wanapigwa ngeta, yaani kukabwa shingo na kuporwa, karibu kila wiki, hasa kwenye daraja la miguu na kwenye kijia cha kwenda steji. Saa zenyewe zinajulikana: alfajiri kuanzia saa kumi na moja, na usiku kuanzia saa mbili. Simu zinaenda, vipakatalishi vinaenda, na sasa hata watoto wa shule wananyang'anywa viatu.

Tumeomba doria iongezwe. Tukajibiwa kwamba kwa mujibu wa rekodi mtaa wetu umetulia, ripoti zilizopo ni chache, na nyingi ni za vitu vilivyopotea. Wakazi nao wanasema kwenda kituoni ni kupoteza siku ya kazi. Naomba wanaoijua kazi hii watueleze: mtu akinyang'anywa, aripoti vipi hadi tukio lake lihesabiwe kuwa uhalifu? Aseme nini pale kaunta, na aondoke na nini mkononi? Akikataliwa je? Na hizi takwimu za kila mwaka kwamba uhalifu umepanda, zinatusaidia lolote sisi wa mtaani?

---

MzeeWaKaunta anajibu:

Katibu, hivyo "vitu vilivyopotea" ndivyo chanzo cha shida yenu. Mtu akinyang'anywa mkoba, kesho yake kinachomuumiza kichwa ni kitambulisho, kadi ya benki na laini ya simu. Ili avipate upya anahitaji abstrakti ya polisi, ile karatasi ya kuthibitisha kwamba ameripoti. Anafika kaunta, anaona foleni, anasema: "Nimepoteza kitambulisho na simu." Afisa anaandika alichoambiwa, abstrakti inatoka, kila mtu anaenda zake. Vitabuni hakuna aliyeibiwa. Hakuna kosa, kwa hiyo hakuna faili wala mpelelezi. Watu ishirini wakifanya hivyo, OCS, yaani mkuu wa kituo, akifungua vitabu vyake anaona mali iliyopotea mara ishirini na anawapeleka askari wake mtaa mwingine. Wapo pia maafisa wanaomsukuma mwananchi aseme hivyo kwa sababu ni kazi nyepesi. Msikubali.

Elewa kwamba vitabu ni viwili. Cha kwanza ni OB, kitabu cha matukio, kile kikubwa kinachokaa kaunta. Humo huingia kila kitu: maafisa kupokezana zamu, mahabusu kupelekwa kortini, kitambulisho kupotea, mtu kuuawa. Hesabu yake huanza moja kila siku. Ukipewa OB 41/17/6/2025, wewe ni wa 41 katika tarehe 17 Juni 2025. Kitabu cha pili ni rejista ya uhalifu. Ripoti ikionyesha kosa la jinai, inatolewa OB na kupewa nambari ya kesi, faili linafunguliwa, na mpelelezi anakabidhiwa. Kwa hivyo nambari ya OB peke yake haijakufikisha. Rudi baada ya siku mbili tatu uulize mambo mawili: faili limefunguliwa kwa nambari gani, na mpelelezi ni nani. Ripoti nyingi hufia katikati ya vitabu hivyo viwili kwa sababu mlalamishi hakurudi.

Pale kaunta, anza na kitendo: "Nimenyang'anywa kwa nguvu." Kisha saa. Kisha mahali, na mahali pawe mahali. "Karibu na steji" haimsaidii mtu. "Chini ya ngazi za daraja la miguu, upande wa kituo cha mafuta" inampa kamanda wa doria pa kusimamisha askari. Halafu sema walikuwa wangapi, walikuwa na nini mikononi, walikufanya nini mwilini, walivaa nini, walikimbilia wapi au walipanda pikipiki gani. Mali iwe ya mwisho, na kitambulisho kiwe cha mwisho kabisa. Abstrakti utapata tu, ila itaandikwa kwamba vitu viliibwa.

Omba usomewe kilichoandikwa kabla hujatoka. Andika nambari ya OB, jina la afisa na nambari yake ya kazi. Ukiona maelezo yako yanaandikwa kwenye karatasi ya pembeni, eti yatanukuliwa OB baadaye, subiri hapo hapo hadi yanukuliwe. Na kuripoti ni bure. Hakuna pesa ya kalamu, wala ya mafuta ya gari.

---

WakiliWaUmma anajibu:

Naongezea upande wa sheria, maana hayo maelezo anayosema Mzee yana uzito ambao wengi hawaujui.

Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 296(2), inaeleza wizi wa kimabavu. Kosa hilo linatimia likiwa na jambo moja kati ya haya: mwizi alikuwa na silaha hatari, au alikuwa na mwenzake mmoja au zaidi, au alimjeruhi, alimpiga au alimtendea mtu nguvu wakati wa wizi, kabla yake kidogo au baada yake kidogo. Lolote kati ya hayo latosha. Vijana watatu wakikukaba shingo bila kisu wala bastola, hilo tayari ni kosa ambalo adhabu yake kisheria ni kifo. Ukiandikisha "simu imeibwa" bila kutaja idadi yao na mkono shingoni, afisa atapeleka jambo lako kwenye wizi wa kawaida, kifungu cha 275, ambao adhabu yake haizidi miaka mitatu. Kumbe aliyekukaba ni yule yule.

Ripoti ya kwanza pia ndiyo itakayopimwa kortini. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki wa mwaka 1952, mahakama zetu hulinganisha ushahidi wa shahidi na alichosema mara ya kwanza kituoni. Ukidai kizimbani kwamba ulimtambua mshtakiwa kwa kovu la shavuni, wakili wake ataomba OB. Kovu lisipokuwepo humo, kesi imeanza kuvuja. Kwa hivyo kama ulimwona mtu vizuri, sema siku hiyo hiyo. Taja na mwanga uliokuwepo: taa ya barabarani, taa ya duka, umbali. Na kama hukumwona, sema hukumwona. Kusingizia ni kosa chini ya kifungu cha 129.

OB si taarifa ya shahidi. Taarifa huandikwa na mpelelezi, ndefu zaidi, na ndiyo inayoingia kwenye faili. Isome yote au usomewe kwa lugha unayoielewa, kisha utie sahihi. Usitie sahihi karatasi yenye nafasi tupu katikati.

Ukiumizwa, nenda hospitali siku ile ile na utunze karatasi za matibabu. Chukua kituoni fomu ya P3, ile ya kueleza majeraha. Sehemu ya kwanza inajazwa na polisi, inayofuata na daktari. Daktari ataeleza kiwango cha madhara, na tofauti yake ni kubwa: madhara ya kawaida, kifungu cha 251, yana kifungo cha hadi miaka mitano, ilhali madhara makubwa, kifungu cha 234, yanaweza kufikia kifungo cha maisha. Jeraha likipona kabla ya kuonekana na daktari, hizo karatasi za siku ya kwanza ndizo tegemeo lake. Kwa dhuluma za kingono, hospitali ije kabla ya kituo: dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Usioge kwanza, na nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Kwenye plastiki unyevu unaharibu ushahidi.

Mkikataliwa kaunta, mwone OCS mwenyewe. Hasaidii? Andikeni barua kwa kamanda wa polisi wa kaunti ndogo, mweke tarehe, mpigiwe muhuri kwenye nakala yenu. Hapo ndipo mnaweza kwenda Kitengo cha Masuala ya Ndani cha polisi, au IPOA, mamlaka huru iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Nambari yao ya bure ni 1559. Barua yenye muhuri ndiyo inayofanya malalamiko yashikike. Malalamiko ya "walikataa kunisikiliza" bila tarehe, bila saa na bila jina la afisa, IPOA watayapokea lakini hawatakuwa na pa kuanzia.

Jambo la mwisho, na hili linaumiza mitaa mingi. Mkimkamata mshukiwa na kumpeleka kituoni, msiishie kwenye kumkabidhi. Katiba, Ibara ya 49, inataka afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya korti kama muda huo umeishia usiku au wikendi. Mlalamishi asipoandika taarifa ndani ya muda huo, polisi hawana cha kumshtaki nacho. Asubuhi mnamwona stejini, mnasema polisi wamehongwa. Huenda wamehongwa, lakini mara nyingi hakuna aliyejitokeza.

---

MtuWaTakwimu anajibu:

Katibu, uliuliza kama takwimu zinasaidia. Zinasaidia ukijua zinahesabu nini.

Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, huchapisha kila mwaka idadi ya makosa yaliyoripotiwa kwa polisi nchini. Mwaka 2019 yalikuwa 93,411. Mwaka 2020 yakashuka hadi 69,645. Kisha 81,272 mwaka 2021, 88,083 mwaka 2022, na 104,842 mwaka 2023. Magazeti yalishika ile asilimia 19 ya kutoka 2022 hadi 2023, na watu wakaona nchi inaangamia. Lakini kiwango cha chini kilichotangulia kilitokana na korona. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020 ikaondolewa Oktoba 2021. Watu hawakuwa njiani usiku, na kwenda kituoni kulikuwa na vikwazo vyake. Ukiruka miaka hiyo na kugawa kwa idadi ya watu, mwaka 2019 tulikuwa na makosa kama 196 kwa kila watu 100,000, na mwaka 2023 kama 204. Ni ongezeko, ila si lile la vichwa vya habari.

Jumla yenyewe nayo imechanganya mambo mawili tofauti. Wizi huingia vitabuni pale mwathiriwa anapoamua kuja. Makosa ya dawa za kulevya huingia pale polisi wanapoamua kufanya msako. Msako ukiongezwa, takwimu hupanda hata kama matumizi hayajabadilika. Kwa hivyo, ukitaka kujua hali halisi, angalia makosa ambayo ni vigumu kufichika. Mauaji ni mojawapo, kwa sababu kuna mwili na kuna mochari. Wizi wa magari ni mwingine, kwa sababu bima hailipi bila abstrakti. Ngeta na unyakuzi wa simu ni upande wa pili kabisa: hapo namba za polisi zinaonyesha sehemu ndogo tu, na hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ni sehemu gani kwa kutazama vitabu vyao.

Sasa sikiza hili, maana litawagusa mkianza kampeni ya kuripoti. Miezi mitatu ya kwanza, rekodi za mtaa wenu zitapanda ghafla. Kituo hakitafurahi, na wenye nyumba za kupangisha hawatafurahi. Mwambieni OCS mapema, kwa maandishi, kwamba kamati inahimiza wakazi waripoti kila tukio, ili kupanda huko kusisomwe kama ameshindwa kazi. Mkuu wa kituo anayeogopa namba kupanda ndiye atakayekuwa wa kwanza kuzikandamiza.

---

KatibuWaMtaa anaandika:

Nawashukuru nyote, hasa hilo la 296(2). Nitalisoma kwenye mkutano wa wakazi. Nina maswali mawili yamebaki. Maduka matatu yana kamera zinazoona kile kijia, lakini polisi wakija vidio huwa imefutika au wanasema haitumiki. Pia kuna wanaowajua hao vijana kwa majina na wanaogopa kuonekana wakiingia kituoni. Hao tuwaambie nini?

---

FundiWaKamera anajibu:

Vidio haifutwi na mtu, inajifuta. Kamera moja inayorekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde hula gigabaiti 21 na ushei kwa siku. Kamera nne ni kama 86. Diski ya terabaiti moja inajaa kwa siku 11 au 12, kisha mashine inaandika juu ya za zamani. Diski ya gigabaiti 500, ambazo ndizo nyingi madukani, haifiki wiki. Kwa hiyo siku ya tukio, nakili. Usingoje mpelelezi.

Kabla ya kunakili, piga picha ya skrini ya mashine ikionyesha saa yake, na pembeni simu yako ikionyesha saa ya sasa. Mashine nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye majira ya China, saa tano mbele ya Nairobi. Nyingine stima ikipotea na betri ndogo ya ndani, ile CR2032, ikiwa imekufa, zinarudi miaka ya nyuma kabisa. Tukio la saa moja usiku linaonekana limetokea saa sita. Usirekebishe saa kabla ya kunakili. Andika tofauti yake tu, halafu baadaye weka betri mpya, bei yake ni ndogo, na uchague GMT+3.

Nakili faili lenyewe kwenye flashi kupitia menyu ya mashine, kuanzia dakika kumi kabla ya tukio hadi kumi baada yake. Wezi wa ngeta huwa wamesimama pale wakichunguza kabla ya kuvamia, na hapo ndipo nyuso huonekana vizuri kuliko wakati wa purukushani. Watu wanarekodi skrini kwa simu na kutuma WhatsApp. Picha inapondwa, sura inakuwa ukungu, na wakili wa upande wa pili anauliza faili halisi liko wapi.

Hilo la "haitumiki" linatokana na Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B. Ushahidi wa kielektroniki unahitaji cheti kinachotaja ni mashine gani, ilitoaje nakala hiyo, na kutiwa sahihi na anayeisimamia. Ni ukurasa mmoja. Mwenye duka akikubali kutia sahihi na kuandika taarifa, inatumika. Akikataa, polisi wana flashi isiyo na mwenyewe. Zungumzeni na hao wenye maduka sasa, kabla ya tukio lingine.

---

SimuSafi anajibu:

Fupi tu kuhusu simu. Kila mkazi abonyeze *#06# leo, anakili IMEI, yaani nambari ya utambulisho wa simu yenyewe, mahali pengine nje ya simu. Ya laini mbili ina IMEI mbili, andika zote. Kwenye OB ziandikwe tarakimu zote 15, zisomwe tena. Polisi wakivamia duka na kukuta simu za wizi, wenye OB yenye IMEI na risiti ndio wanaorudishiwa. "Simu nyeusi ya Samsung" hairudi kwa mtu. Ukilazimishwa kutuma pesa, funga laini haraka kwa kupiga simu kwa mtandao wako, na ile nambari ya muamala ya M-Pesa yenye herufi na tarakimu kumi iingie OB, kwa sababu ndiyo inayompeleka mpelelezi kwa laini iliyopokea.

Na mwambieni anayenunua simu ya bei ya kutupa bila risiti kwamba kupokea mali ya wizi, kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, kunaweza kumpa hadi miaka 14. Wizi mtaani unaendeshwa na huyo mnunuzi.

---

MzeeWaKaunta anajibu:

Kwa wanaoogopa: Idara ya Upelelezi wa Jinai ina laini ya bure, 0800 722 203, na mpigaji hahitaji kujitaja. Atoe majina ya mtaani, wanakolala, saa wanazotoka, wanakouza mali. Asiyatoe kwenye baraza la chifu wala kikao cha Nyumba Kumi. Siri haikai kwenye kikao cha watu arobaini. Msiweke picha za "washukiwa" kwenye kundi la WhatsApp. Mkimkosea mtu mnaweza kumuua, na mkimpatia mmemwonya ahame, na gwaride la utambuzi, pale shahidi anapomchagua mshukiwa kati ya watu waliopangwa mstari, linakosa maana kwa sababu mashahidi wote wameshaiona sura. Lakini mjue taarifa ya siri huelekeza upelelezi tu. Kesi bado inamhitaji mwathiriwa aliyeandikisha.

Kamati nayo ifungue daftari lake. Safu zake ziwe tarehe, saa, mahali hasa, idadi ya wavamizi, silaha, walivyofanya, kilichochukuliwa, nambari ya OB, nambari ya kesi, na jina la mpelelezi. Jina la mwathiriwa liwe kwenye daftari la pili analotunza katibu peke yake. Safu ya nambari ya kesi ikibaki tupu wiki mbili, katibu anaenda kituoni na huyo mwathiriwa. Baada ya miezi miwili mtajua ni ngazi zipi na ni saa gani, na ombi lenu la doria litataja daraja hilo na nusu saa hiyo. Askari wawili mahali pake wakati wake ni ombi ambalo OCS anaweza kulitimiza. "Ongeza doria Eastlands" hawezi.

---

WakiliWaUmma anajibu:

Na mkitaka kulinganisha daftari lenu na lao, tumieni Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Andikeni ombi, mwombaji awe raia kwa jina lake, mkiomba idadi kwa kila mwezi ya wizi wa kimabavu, wizi wa kawaida, uvunjaji wa nyumba na mali iliyopotea, kama ilivyoandikishwa kwa eneo lenu. Ombeni idadi tu, bila majina, ili wasiwe na sababu ya kusema mnaingilia upelelezi. Kisheria anayejibu ni mkuu wa taasisi, yaani Inspekta Jenerali, kwa hiyo barua iende kwake na nakala kwa kamanda wa kaunti ndogo na OCS. Wana siku 21. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, Westlands, jengo la West End Towers, na uambatishe nakala yako yenye muhuri. Safu ya mali iliyopotea msiisahau. Mkiiona imejaa simu na vitambulisho vilivyopotea saa kumi na moja alfajiri pale pale darajani, mna cha kumwonyesha kamanda.